Karanga Moja

Kocha wenu Zawadi aliniletea daftari jipya na kalamu mbili, akaviweka mezani mbele yangu. "Mzee Chokaa," akasema, "tuandikie historia ya klabu. Hawa watoto wanakimbia tu, hawajui hata uwanja ulilimwa na nani." Nikamwambia nitaandika. Wiki tatu daftari likalala pale, mke wangu analipangusa vumbi na kulirudisha palepale bila kusema neno. Mke wangu akinyamaza ujue amekuona.

Sasa naandika. Ila nawaonya mapema, nyie vijana wa Pekupeku. Mliomba historia ya klabu na mtaipata, lakini ndani yake kuna jambo langu ambalo ningependa mlisikie nikiwa nimeshazikwa. Nilipomdokezea Zawadi hivyo, alisema hiyo ni tabia ya waoga. Hajakosea.

Nianze na kazi, maana kazi naijua. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa mtunza uwanja wetu hapa Mpanda. Nyasi nilikata mimi, mistari nilichora mimi, shimo la kuruka nililijaza mimi kwa mchanga wa mtoni, na siku za mashindano nilihesabu mizunguko na kugonga kengele. Klabu iliitwa Pekupeku kwa sababu siku ya kuanzishwa, katika wakimbiaji wote waliofika, mwenye viatu alikuwa mmoja, naye alivivua baada ya mzunguko wa kwanza kwa kuwa vilikuwa vya kaka yake na vilimpwaya. Mimi mwenyewe sikuwahi kuwa mkimbiaji. Nimekimbia kwa dhati mara moja tu maishani, nikifukuzwa na nyuki, na hata siku hiyo sikushinda.

Jina la Chokaa nililipata mwaka wangu wa kwanza. Nilipewa gunia la chokaa mbichi nichoree mistari. Sikujua kwamba chokaa ile lazima uiloweke kwanza ichemke, itulie, ipoe. Nikaimwaga vilevile alfajiri, nyasi zikiwa na umande. Kufika mzunguko wa pili wakimbiaji wakaanza kurukaruka na kunyanyua magoti mpaka kifuani. Watazamaji wakapiga makofi, wakidhani ni mtindo mpya umeletwa kutoka Dar. Kumbe nyayo zinaungua.

Aliyeniokoa ni Mzee Lusambo. Huyu ndiye aliyelima uwanja ule, kwa jembe la mkono, baada ya kustaafu kazi ya reli. Hakunigombeza. Aliniletea ndoo na kipande cha sabuni, akaniamuru niwaoshe miguu wale wakimbiaji mmoja mmoja, nikiwa nimepiga magoti, mbele ya watu. Nilipomaliza wa mwisho akaniuliza, "Umejifunza nini?" Nikasema, chokaa inaunguza. Akasema, "Hapana. Umejifunza kwamba ukikosea wewe, anayeumia ni mwingine." Nilicheka kidogo moyoni, nikaona mzee anapenda mafumbo. Tangu siku ile nilichora mistari kwa majivu ya tanuri la matofali, lakini jina la Chokaa lilikuwa limeshaganda.

Mengi mnayoyaona leo ni mepesi kwenu. Mnapima uwanja kwa simu, mnawasha saa kwa kidole. Sisi tulipima kwa kamba, na kamba ya katani ina tabia yake: ikilowa inajikunja, ikikauka inalegea. Uwanja uliopimwa masika na uliopimwa kiangazi si uwanja mmoja. Mzee Lusambo akaleta waya. Akanifundisha kwamba mita mia nne hazipimwi kwenye mstari wenyewe, zinapimwa sentimita thelathini nje ya ukingo wa ndani, pale mguu wa mkimbiaji unapokanyaga kweli. Bastola ya kuanzishia mbio hatukuwa nayo, tuligonga vibao viwili. Hapo kuna siri moja, na bado inawafaa siku simu zikizima chaji: mshika saa asisubiri kusikia mlio, atazame vibao vinavyokutana. Jicho linafika kabla ya sikio. Nimewaona vijana wa Ikola wakinyimwa ushindi wao kwa sababu mshika saa wa kundi lingine alikuwa anasikiliza badala ya kutazama, saa yake ikachelewa kuanza. Na hao wa Ikola walikuwa hatari jamani. Mtu aliyezoea kukimbia kwenye mchanga wa ziwani, ukimweka kwenye nyasi anaona kama amebebwa. Walikuja na dagaa mifukoni, wanatafuna huku wananyoosha misuli.

Kuhesabu mizunguko ndiyo kazi iliyoonekana rahisi kuliko zote. Mbio za mita elfu kumi zina mizunguko ishirini na mitano. Mhesabuji nilikuwa mmoja, mimi. Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, niliigonga kwa nondo, mkimbiaji wa kwanza anapoanza mzunguko wa mwisho. Mkimbiaji wa Pekupeku alifundishwa asihesabu, aiachie kengele hesabu, yeye akimbie. Mzee Lusambo alihesabu kwa vijiwe. Unaweka vijiwe ishirini na vitano mfuko wa kulia. Kiongozi wa mbio akipita mstari, unahamisha kimoja kwenda kushoto. Kikibaki kimoja kulia, unagonga. "Vijiwe," aliniambia, "na siyo mahindi, siyo maharage. Usihesabu kwa kitu kinachopenya mdomoni." Hapo napo nilicheka.

Sasa nije kwenye neno lenu.

Kila jioni pale uwanjani nasikia Zawadi akisema, "Umechelewa, piga leonia moja." Aliyepoteza hesabu ya mizunguko mnamwambia ameleonia. Mgeni akija klabuni, neno la kwanza kujifunza ni hilo: leonia ni mzunguko wa ziada usio na maana, unaokimbia peke yako wenzako wameshakaa. Nyie mnadhani ni neno la mazoezi tu, kama vile sprinti. Wachache mnajua kwamba ni jina la mtu, na hao mmeambiwa na mimi. Nimesimulia kisa hicho kwenye sherehe za klabu mara nyingi kiasi kwamba nina sehemu za kunyamaza ili watu wacheke. Kwamba kulikuwa na binti wa Kirundi kutoka Katumba, mbio hodari, kichwani hamna kitu. Kwamba wenzake walimaliza mbio, wakakaa, wakanywa maji, yeye anakimbia tu kwa kuwa hakujua kuhesabu mpaka ishirini na tano.

Neno lile nililitunga mimi. Na kisa kile ni uongo wangu.

Enzi hizo Mpanda ilikuwa chini ya Mkoa wa Rukwa. Klabu iliandaa mashindano ya kuchagua wakimbiaji watatu wa kike wa mita elfu kumi, waende Sumbawanga kwenye mashindano ya mkoa. Walikuja wageni wakubwa, turubai likafungwa. Mimi nilishonesha suruali mpya kwa ajili ya siku ile, rangi ya udongo, pasi imenyooka. Asubuhi nikachukua vijiwe vyangu, nikaviona vizito na vina ncha. Nikafikiri vitautoboa mfuko, na suruali itaning'inia kama imebeba mayai. Juu ya meza kulikuwa na karanga za kukaanga alizoniwekea mke wangu. Laini, nyepesi. Nikahesabu ishirini na tano.

Mnaona? Sikuwa mlevi wala sikupewa rushwa. Ilikuwa suruali.

Leonia alikuwa na miaka kumi na minane hivi. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni mwa mama yake, wakapangiwa makazi ya wakimbizi Katumba. Wakati ule watu wa makazi hawakutoka bila kibali cha maandishi, naye alikuja na kibali cha siku mbili, pamoja na baba yake. Nilimfahamu. Alikuwa amefanya mazoezi nasi mara kadhaa, na kosa lake kubwa kwangu lilikuwa kwamba alihesabu. Aliambiwa aiachie kengele, hakuweza. Alihesabu kwa sauti ndogo, kwa Kirundi, rimwe, kabiri, gatatu, kila akipita mstari. Wenzake walimwiga na kucheka.

Mbio zikaanza. Kufika mzunguko wa kumi na kitu walikuwa wameshabaki wanne mbele, wamebanana, Leonia akiongoza na Salome wa Nsemulwa nyuma yake. Pembeni yangu mgeni mmoja alikuwa anaongea nami, anauliza uwanja una miaka mingapi, nani anakata nyasi. Nilikuwa nimefurahi kuulizwa. Mkono ulikuwa mfuko wa kulia. Mkono wa mtu aliyezoea karanga unajua njia ya mdomoni bila kuelekezwa, na sikuhisi kitu.

Ilipobaki moja mfuko wa kulia, nikagonga kengele.

Wale watatu wakafyatuka. Leonia aligeuka akanitazama mimi. Alinitazama waziwazi, akanyoosha vidole viwili, kwamba bado miwili. Mimi nikagonga tena kwa nguvu, kama mtu anayemfukuza mbuzi shambani. Akageuza uso akaendelea na mwendo wake uleule. Wenzake wakampita, wakamaliza, wakaanguka kwenye nyasi. Mshika saa akapiga kelele kwamba ni rekodi, rekodi kubwa, na turubai zima likasimama. Leonia akafika wa nne. Hakusimama. Alipita mstari, akainua kichwa, na ndipo akaachia mbio zake alizokuwa amezitunza. Nawaambieni sijawahi kuona mtu anakimbia vile kwenye uwanja wangu, wala kabla wala baada. Na alikuwa peke yake.

Watu walianza kucheka alipofika kwenye kona. Mtu akapaza sauti, "Mwambieni ameshashindwa!" Mwingine, "Hawa hata kuhesabu hawajui!" Mimi nikaingiza mkono mfuko wa kushoto, kwenye karanga. Nikazihesabu kwa vidole humohumo mfukoni, kwa mazoea tu. Ishirini na nne. Nikahesabu tena. Kisha ulimi wangu ukagusa ganda jekundu la karanga lililonasa kwenye jino.

Alikuwa upande wa mbali, kwenye mikaratusi. Alikuwa na nusu ya mzunguko mbele yake. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kupaza sauti, wa kumshika mwamuzi mkuu mkono na kumwambia bwana, nimekosea, huyu binti ndiye yuko sahihi. Ungetokea mzozo, mbio zingerudiwa kesho yake asubuhi, na kibali chake kilikuwa kinafika mpaka kesho hiyo. Niliyaona hayo yote. Na niliona pia mgeni yule anakuja kunipa mkono wa pongezi kwa rekodi iliyopatikana kwenye uwanja wangu. Nikameza mate na ganda lile nikalimeza nayo. Nikampa mkono.

Mzee Lusambo alinisogelea. "Kengele yako ilikuwa sawa?" akauliza.

"Sawa, mzee."

"Umehesabu kwa vijiwe?"

"Kwa vijiwe."

Akanitazama kidogo, kisha akatazama suruali, akaondoka. Alifariki miaka michache baadaye na hatukuzungumza tena jambo hilo.

Leonia alipomaliza alienda meza ya waamuzi. Alisema, "Ni ishirini na tano. Mimi nimekimbia ishirini na tano, hawa wamekimbia ishirini na nne. Muulizeni wa kengele." Waamuzi wakanigeukia. Nikasema, "Binti amechanganyikiwa na jua." Hivyo tu. Baba yake akamshika mkono akamvuta, akiwaomba waamuzi radhi huku ameinama, "Samahani wakubwa, samahani, sisi ni wageni." Wakaondoka kwa miguu kuelekea barabara ya Katumba.

Jumatatu yake mkimbiaji mmoja mazoezini akapitiliza mzunguko. Mimi ndiye niliyesema, "Wewe vipi, unafanya Leonia?" Wakacheka sana. Nilihitaji wacheke. Kila walipocheka ilikuwa kama wananiwekea saini kwamba mambo yalikuwa hivyo nilivyosema. Baada ya mwezi nikawasikia wakilitumia bila mimi.

Huko Sumbawanga wale watatu walichapwa vibaya. Salome, mwenye rekodi, alimaliza nyuma ya muda wake kwa zaidi ya dakika. Tulisema ni baridi ya Ufipa. Tukasema ni mwinuko, mapafu hayakuzoea. Mwaka uliofuata tukasema ni chakula. Salome alijitesa miaka minne kuufikia muda wake mwenyewe, asiufikie, akaacha riadha akiamini amekuwa mvivu. Ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, hakuwa na kosa lolote. Jina lake liko kwenye ubao wa rekodi kule stoo, na nyie mabinti mnapita chini yake kila siku mkijiuliza yule mama alikuwa na mapafu ya aina gani. Alikuwa na mapafu kama yenu. Alikimbia mizunguko ishirini na nne.

Nitawaambia kilichonifikisha hapa, maana msidhani ni dhamiri iliyoamka yenyewe. Dhamiri yangu ilikuwa inalala vizuri tu.

Zawadi alitaka picha kwa ajili ya historia hii. Akaniuliza kama huyo Leonia bado yupo. Nikamwambia hao watu walirudi kwao zamani. Zawadi si mtu wa kuambiwa. Akapanda bodaboda mpaka Katumba, akauliza uliza, akamkuta. Yupo, ana shamba la mihogo na maharage, ana wajukuu, na uraia alishapata kama wengi wao. Zawadi akarudi kwangu jioni, akakaa bila kuvua kofia.

"Mzee," akasema, "yule mama anasema alikimbia ishirini na tano."

"Atasemaje? Ndivyo alivyosema na siku ile."

"Anasema nikuulize wewe. Anasema wewe ulikuwa umeshika hesabu, labda ulikosea bila kujua. Hakuwa na hasira, mzee. Aliniuliza kama unaumwa miguu, amesikia unatembelea fimbo."

Nikamwambia Zawadi kwamba sisi wazee tunasahau. Akaondoka. Mke wangu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akasema bila kuinua kichwa, "Ile suruali ya udongo niliifua mimi. Mfukoni kulikuwa na karanga ishirini na nne. Mimi nilikuhesabia ishirini na tano asubuhi, baada yako, kabla hujazitia mfukoni, kwa sababu nilikuona unahesabu nikashangaa." Miaka yote hiyo alikuwa anajua. Na kila nilipokisimulia kisa kwenye sherehe alikuwa ameketi pale, anatazama sahani yake. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu kwa sababu mke wangu alinistahi.

Nilikwenda Katumba siku ya pili. Leonia alikuwa anaanika mihogo juu ya mkeka wa plastiki mbele ya nyumba. Amenenepa kidogo na nywele zimeingia mvi, lakini alipoinuka nikamjua kwa jinsi alivyoweka miguu.

"Shikamoo mzee. Karibu. Wewe ni Bwana Chokaa."

"Marahaba, mama. Ndiyo mimi."

Akaniletea kigoda, akaniletea maji. Akaniuliza habari za nyumbani, za miguu, za mvua upande wetu. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakanipotea yote. Nikasema tu, "Leonia, ulikimbia ishirini na tano. Ulihesabu sawa. Mimi nilihesabu kwa karanga, nikala moja."

Kwanza alicheka. Cheko la kweli, akajipiga paja. "Karanga! Jamani, mzee! Ulikula mzunguko!" Nami nikacheka, nikahisi mzigo unashuka, nikadhani imekwisha. Akapangusa machozi ya kicheko kwa khanga. "Basi ndo nilivyowaambia wanangu siku zote. Niliwaambia yule baba alikosea, binadamu ni kukosea, msimchukie. Wakisikia wenzao wanasema leonia, leonia, wanarudi wanalia, mimi nawaambia yule baba hakujua."

Kisha akanitazama. "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. Ningeweza kusema mke wangu ndiye kaniambia, na ingekuwa nusu ya kweli. Nikasema, "Siku ileile."

"Jioni?"

"Hapana. Ulikuwa bado unakimbia. Ulikuwa kwenye mikaratusi."

Aliokota kipande cha muhogo, akakigeuza upande wa pili, akaokota kingine.

"Pale kwenye mikaratusi," akasema, "ndipo nilipoanza kuhesabu upya. Nasikia watu wanacheka, naanza tena rimwe, kabiri. Nikafikiri labda mimi ndo sina akili. Watu wote wale wanakosea, mimi mmoja tu nipatie? Tangu siku ile, mzee, sihesabu kitu mara moja. Kuku nahesabu mara tatu. Watoto wakitoka kanisani nawahesabu mara tatu. Nilijiona niko peke yangu kwenye uwanja mzima. Kumbe tulikuwa wawili."

Nikamwambia naomba anisamehe. Nilipiga magoti, na magoti yangu kushuka kwake si mchezo. Akanishika kiwiko akaninyanyua, siyo kwa upole wala kwa ukali, kama unavyonyanyua kitu kilichoanguka njiani kwako.

"Kosa nilishakusamehe zamani," akasema. "Hili lingine ndo kwanza nalisikia leo. Ngoja kwanza. Twende kwa baba."

Nikamwambia nimesikia uwanjani wakilitumia jina lake, na kwamba nitawaandikia vijana waliache, na ubao wa rekodi ufutwe mstari ule. Akasema, "Waandikie." Hilo basi ndilo ninalowaomba, na Zawadi ameshanikubalia: mtafute jina lingine la adhabu zenu. Kama hamna, tumieni langu, mimi nipo.

Baba yake anaishi nyumba ya nyuma. Ni mkubwa kwangu kwa miaka michache tu, lakini masikio yamekwisha na anazungumza Kirundi zaidi kuliko Kiswahili. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, akanipa mkono bila kunikumbuka. Leonia akasimama pembeni, akaniambia, "Mwambie. Sema kwa nguvu, hasikii."

Nikainama sikioni kwake nikasema. Hakusikia. Nikasema kwa nguvu zaidi. Majirani wakaanza kutoka. Mara ya tatu ilibidi nipige kelele, mzee mzima na fimbo yangu, katikati ya ua wa watu, "Leonia alihesabu sawa! Mimi ndiye niliyekosea! Nilijua, nikanyamaza!"

Mzee akasikia. Niliona uso unasikia. Akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akautazama mkono wake wa kulia kwa muda mrefu. Akasema kwa Kiswahili, ili na mimi nielewe, "Njiani nilimpiga. Siku ile. Nilimpiga kofi, nikamwambia ametutia aibu kwa wenyeji."

Kisha akamgeukia Leonia na kumuuliza jambo kwa Kirundi, sauti ndogo. Leonia alichuchumaa mbele ya kiti, akamjibu kwa maneno mawili au matatu. Majirani wakatazama chini. Mimi sikuelewa.

Aliponisindikiza mpaka kwenye bodaboda nikamuuliza, "Mama, baba amekuuliza nini? Na wewe umemjibu nini?"

"Hilo siyo lako, mzee," akasema. "Wewe kaandike la kwako."